Je, ni Lini? Uhakiki wa Maswali ya Bungeni Kuhusu Serikali za Mitaa

Kada anayetaka kuijua hali halisi ya utawala wetu hana budi kusoma Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, hasa zile kurasa za mwanzo ambamo wabunge huuliza na mawaziri hujibu. Ni maandishi yanayosomwa na watu wachache. Magazeti huokota vijembe na kuziacha hoja. Wanafunzi wetu wa siasa huyakimbilia maandishi ya nadharia wakidhani kwamba nadharia haikai katika swali la daraja la kata. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maswali hayo kama inavyohakikiwa kazi nyingine yoyote ya fikra: nani anauliza, anamwuliza nani, juu ya kitu gani, na jibu linamwacha mwananchi mahali gani.

Tutashughulika na fungu moja tu la maswali hayo, yale yanayopelekwa TAMISEMI, yaani maswali juu ya kazi za halmashauri za wilaya na miji za Tanzania Bara. Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi tangu 1980, na mambo yake yanastahili uhakiki wake peke yake.

Sura ya swali

Anayezisoma kurasa hizo kwa mfululizo atagundua upesi kwamba maswali mengi yana sura moja. Swali huanza kwa maneno "Je, ni lini Serikali". Kisha hufuata kitenzi: itajenga, itamalizia, itapeleka, itakarabati. Kisha jina la kitu: zahanati, kisima, daraja, gari la wagonjwa, walimu wa sayansi. Kisha jina la kata. Naibu Waziri husimama akajibu kwa niaba ya Waziri. Husema kwamba Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, hutaja fedha zilizokwisha kupelekwa katika halmashauri ile kwa miaka miwili mitatu iliyopita, na humalizia kwa kusema kwamba kazi itafanyika kadiri fedha zitakapopatikana. Mwulizaji husimama mara ya pili. Hushukuru kwa majibu mazuri, ijapokuwa hakujibiwa. Huuliza maswali mawili ya nyongeza, na mojawapo mara nyingi ni kama Naibu Waziri yuko tayari kufuatana naye jimboni baada ya Bunge akajionee mwenyewe. Naibu Waziri yuko tayari. Spika huita swali linalofuata.

Hatusemi hivyo kwa kejeli. Sura hiyo ina sababu zake. Mwananchi anaposikia redioni jina la kata yake likitajwa Dodoma huona kwamba mbunge wake yupo kazini, na mbunge anajua kwamba wapiga kura wanamhesabia mara alizosimama. Pia yapo maswali yaliyoleta nguzo za umeme na madaktari, wala si haki kuyabeza. Lakini kazi ya uhakiki ni kutazama kile ambacho neno linakubali kabla halijauliza. Neno "lini" linakubali mambo matatu kimyakimya. Linakubali kwamba mwenye kuamua ni Serikali Kuu. Linakubali kwamba uamuzi umekwisha kufanyika na kilichobaki ni tarehe. Na linakubali kwamba mwulizaji na watu wake hawana la kufanya ila kungoja. Swali la "kwa nini", la "kiasi gani", la "nani aliamua na kwa kigezo gani" halikubali hayo, ndiyo maana majibu yake ni magumu na ndiyo maana huulizwa kwa nadra.

Ibara ya 63 ya Katiba yetu ya 1977 imekipa chombo hiki kazi kubwa kuliko kungoja tarehe. Bunge limepewa madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika kutekeleza madaraka hayo mbunge anaweza kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma. Anayesimamia ana mamlaka juu ya anayesimamiwa, na mwenye kuuliza tarehe hasimamii kitu.

Boma la zahanati

Tuchukue mfano mmoja tuukalie, kwa sababu unarudi mkutano baada ya mkutano, nao ni mfano wa boma. Kila kada aliyefanya kazi vijijini analijua. Kijiji hukaa mkutano mkuu na kuamua kujenga zahanati. Kila kaya hupangiwa mchango wake: fedha kidogo, mawe, mchanga, matofali, ndoo za maji zinazobebwa na akina mama alfajiri. Fundi hulipwa. Kuta husimama mpaka kwenye lenta. Hapo kazi husimama, kwa sababu makubaliano ni kwamba wananchi watanyanyua boma na halmashauri itaezeka na kumalizia. Sera ndiyo iliyowaita: Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi ulioanza 2007 uliweka shabaha ya zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na watu waliitika. Mvua ya kwanza hupita, ya pili, ya tatu. Majani huota sebuleni mwa zahanati. Mbuzi hulala katika chumba cha kujifungulia. Siku moja mbunge husimama Dodoma na kuuliza ni lini Serikali itamalizia boma lililojengwa kwa nguvu za wananchi.

Tazameni sasa kilichotokea katika lugha hiyo. Wale watu waliobeba mawe walikuwa wenye mradi. Walitoa mtaji, kwa maana jasho la mwanakijiji ni mtaji hata kama halikuandikwa katika daftari la mweka hazina. Walifunga mkataba na halmashauri yao, na upande mmoja wa mkataba huo umetimizwa wote. Lakini swali linapofika Dodoma, wenye mradi wamegeuka kuwa waombaji, na mdaiwa amegeuka kuwa mfadhili anayeshukuriwa kwa majibu mazuri. Mwongozo wa 1971 ulitufundisha kwamba maendeleo ya mtu aliyekuwa ameonewa ni kile kinachomwongezea uhuru wa kuendesha mambo yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho zahanati inayomalizwa kwa huruma ya mkubwa ina upungufu hata ikiwa na dawa.

Maswali ambayo boma lilistahili kuulizwa ni mengine kabisa. Halmashauri hii ina maboma mangapi? Yatamalizwa kwa utaratibu gani wa kutangulizana? Nani aliuweka utaratibu huo, na je, vijiji vimeambiwa? Kwa nini boma la kijiji cha jirani lililoanzwa baadaye limeezekwa? Hayo yote yanajulikana, au yanapaswa kujulikana, katika ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri. Naibu Waziri hayajui. Ana halmashauri 184 na vijiji zaidi ya 12,000. Hata angekuwa na kichwa cha namna gani asingeweza kujua lenta ya kijiji kimoja imefika wapi. Kwa hiyo Wizara hutafuta taarifa. Huzitafuta wapi? Katika halmashauri yenyewe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Chini ya Sheria Namba 7 na Namba 8 za 1982, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake. Anakaa humo, anajadili, anapiga kura. Bajeti iliyoliacha boma bila bati ilipita mbele yake kabla haijafika Dodoma. Basi swali linaondoka wilayani na kwenda Dodoma, linarudi wilayani kutafuta jibu, jibu linapanda tena Dodoma, na huko linasomwa kwa sauti kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kumwuliza Mkurugenzi uso kwa uso katika ukumbi wa halmashauri, mbele ya mwenyekiti wa kijiji chenye boma. Safari yote hiyo ya nini?

Uvivu ni sehemu ya jibu, na tusione haya kuutaja. Dodoma kuna redio na televisheni, na katika ukumbi wa halmashauri kuna mwandishi mmoja anayengoja posho. Lakini tukiishia kwenye uvivu wa mtu mmoja mmoja tutakuwa tumefanya uhakiki wa kitoto. Wabunge ni watu wenye akili. Wanapeleka maswali mahali wanapodhani kwamba madaraka yapo. Tuulize basi madaraka yalikwenda wapi.

Madaraka yaliyokwenda na kurudi

Historia yetu katika jambo hili inafundisha. Mwaka 1972 tulitangaza Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema, kuondoa maamuzi Dar es Salaam na kuyasogeza karibu na umma. Mawaziri wazima walipelekwa kuongoza mikoa. Lakini kilichopelekwa mikoani kilikuwa Serikali Kuu yenyewe, pamoja na Wakurugenzi wa Maendeleo wa mikoa na wilaya, na halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa. Madaraka yalimkaribia mwananchi kwa maili na kumwondokea kwa sauti. Mabaraza ya maendeleo yaliyobaki yalikuwa ya kupitisha mipango iliyoandaliwa na wataalamu. Mijini huduma za maji na usafi zilidorora mpaka halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Sheria za 1982 zilirudisha halmashauri za wilaya, nazo zikaanza kazi tena 1984. Mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alisema kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Ibara za 145 na 146 za Katiba zimeweka wazi tangu wakati huo kwamba shabaha ya Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ikaja sera ya 1998 ya kuziboresha Serikali za Mitaa, iliyosema kwamba kinachopelekwa chini ni madaraka pamoja na fedha na watumishi.

Sasa tazameni mwendo wa miaka iliyofuata. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Ilikuwa kodi yenye manyanyaso, wazee wetu walikimbilia porini kuikwepa, na kuifuta lilikuwa jambo la haki. Ila pengo lake lilizibwa kwa ruzuku ya Hazina, na anayekula ruzuku husubiri. Kodi ya majengo ilipelekwa Mamlaka ya Mapato, kwanza katika baadhi ya miji na kisha kote. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziliondolewa mikononi mwa halmashauri zikapewa wakala, TARURA. Mwaka 2019, kwa Sheria Namba 5, maji ya vijijini yalipewa wakala mwingine, RUWASA, ulio chini ya Wizara ya Maji. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Mwalimu na mganga huajiriwa na kuhamishwa kwa kibali cha juu.

Hatudai kwamba kila hatua kati ya hizo ilikuwa kosa. Wakala wa barabara ulikuwa na hoja: halmashauri nyingi zilikuwa zikipasua barabara kila msimu wa kilimo na kuzipoteza kila msimu wa mvua, na wapo makandarasi waliokuwa ndugu wa madiwani. Lakini uhakiki unatazama jumla. Diwani aliyechaguliwa kwa ahadi ya barabara na maji anaingia katika Baraza na kukuta kwamba barabara ina meneja wake na maji yana meneja wake. Mameneja hao huja kutoa taarifa kwa heshima. Baraza haliwezi kuwaajiri, kuwahamisha, wala kupanga upya fedha zao. Diwani anauliza swali, anapewa jibu la adabu, na mambo yanabaki yalivyokuwa. Kwa nini basi mbunge apoteze swali lake hapo? Anakwenda Dodoma kwa sababu ile ile inayomfanya mgonjwa aruke zahanati isiyo na dawa akaenda hospitali ya mkoa. "Je, ni lini" ni ushahidi wa madaraka yaliyopanda juu, na wabunge wanautoa kila siku bila kukusudia.

Hoja ya madarasa

Yupo atakayetujibu kwamba mwananchi hali madaraka, anataka huduma, na Serikali Kuu imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kuileta. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupitwa kwa mbio. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja kwa shilingi milioni 20, vikawa tayari kwa wanafunzi wa 2022. Hakuna Baraza la Madiwani ambalo lingefanya hivyo kwa fedha zake. Aliyeona watoto wakisoma kwa zamu chini ya mwembe hawezi kulaumu.

Lakini angalieni kwamba kazi ile ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na kila kitu ambacho swali la kawaida linakosa: idadi iliyotangazwa, bei iliyotangazwa, tarehe iliyotangazwa na mahali palipotangazwa. Mwanakijiji aliweza kusimama mbele ya msingi wa darasa akasema, hapa pameletwa milioni 20, ziko wapi. Alikuwa mkaguzi bila kuteuliwa. Kilichompa nguvu ni kujua. Nguvu hiyo haikutokana na fedha kutoka juu. Ingefanya kazi hivyo hivyo kwa fedha za halmashauri kama kiasi chake kingebandikwa ukutani. Na zaidi, darasa ni kitu kinachojengwa mara moja. Mwalimu anayefundisha ndani yake, choo, dawati linalovunjika, mtoto anayeacha shule mwezi wa pili, hayo hayajengwi kwa operesheni. Yanahitaji mtu wa karibu wa kuuliza kila wiki.

Tunao mfano mwingine ambao wana-nadharia wetu hawajautazama vya kutosha. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, fedha za uendeshaji hupelekwa na Hazina moja kwa moja katika akaunti za shule. Halmashauri ilirukwa, lakini fedha zilishuka chini kuliko halmashauri, mpaka mahali ambapo kuna kamati ya shule yenye wazazi. Vituo vya afya navyo vilifuata njia hiyo baadaye. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mwendo wote umekuwa wa kupanda. Ni wa kupanda na kushuka bila mpango mmoja, na kamati ya shule ambayo haijawahi kufundishwa kusoma taarifa ya benki haiwezi kutumia madaraka iliyopewa. Hapo ndipo vyuo vyetu vya siasa vina kazi. Tumefundisha historia ya Chama vizuri. Kusoma taarifa ya mapato na matumizi tumekuachia wahasibu.

Swali linalouma

Bunge lina njia ya pili ya kuzihoji halmashauri, ambayo haina redio nyingi lakini ina meno zaidi. Ni Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukabidhi ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, nazo huwekwa mezani Bungeni Aprili. Kitabu cha Serikali za Mitaa ni miongoni mwake. Kamati huwaita wakurugenzi, mweka hazina akiwa pembeni na majalada, na kuwauliza kuhusu hati ya malipo, mkataba na stoo. Hapo "je, ni lini" haisikiki. Linaulizwa swali la nani alisaini.

Mikopo ya asilimia 10 ilipita katika mkondo huo. Sheria iliyorekebishwa 2018 iliziamuru halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria ya kijamaa kwa maana yake kamili, kwa kuwa inamchukua asiye na dhamana benki na kumpa mtaji wa umma. Ripoti za ukaguzi zilionyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Wabunge walizungumza kwa ukali, na 2023 mikopo ilisimamishwa ili utaratibu upangwe upya. Ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25, halmashauri 10 zikiwekwa katika majaribio ya kuitoa kwa njia ya benki.

Tusifu kwamba swali lilizaa tendo. Lakini tuhesabu pia gharama. Mama wa kikundi cha ushonaji aliyekopa na kulipa kwa uaminifu alifungiwa mlango kwa sababu ya kikundi hewa asichokijua. Kikundi hewa kilikuwa na jina la kata na mtaa. Katika mtaa huo kulikuwa na mwenyekiti, mtendaji, diwani, na balozi wa Chama, na wote walijua kwamba hakuna kikundi cha ufugaji kuku katika mtaa wao, kwa sababu kuku huonekana. Swali lingeulizwa pale kwa dakika tano. Liliachwa lipande hatua zote mpaka kwa Mkaguzi Mkuu, likarudi kama adhabu kwa nchi nzima. Na kwa kuwa ukaguzi huja baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na Kamati huja baada ya ukaguzi, mara nyingi Mkurugenzi anayesimama mbele ya Kamati si yule aliyesaini. Huyo wa kwanza amekwisha kuhamishwa, pengine amepandishwa.

Jirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine kwa Katiba yao ya 2010. Kaunti 47 zina magavana waliochaguliwa na mabunge yao ya kuwauliza, na Seneti nayo imepewa kusimamia fedha zinazokwenda kaunti. Matokeo yake magavana na maseneta wamevutana kwa miaka kuhusu nani aanze kumhoji gavana, mwakilishi wa wadi au seneta. Mvutano huo una kelele, na ufisadi wa kaunti haukuisha kwa sababu yake. Hata hivyo una faida moja kwa mwanafunzi wa siasa: kila mtu anajua kwamba swali la nani amwulize nani ni swali la madaraka. Kwetu limefichwa ndani ya adabu.

Ndani ya Chama

Uhakiki usiogusa nyumba yetu ungekuwa wa bure. Tangu uchaguzi wa 2020 karibu wabunge na madiwani wote wametoka katika Chama chetu. Wapo wanaosema kwamba katika hali hiyo swali gumu ni kuisaliti timu. Hiyo ni fikra potofu, na ni ya hatari zaidi kwetu kuliko kwa chama chochote. Mahali ambapo mwulizaji na mwulizwaji ni wa Chama kimoja, hakuna mwingine wa kuuliza. Tukinyamaza sisi, swali halipotei, linahamia barabarani.

Kabla Baraza la Madiwani halijakaa, madiwani wa Chama hukutana katika kamati yao. Utaratibu huo una maana, ili Chama kiwe na msimamo kuhusu Ilani. Lakini katika wilaya nyingi umegeuka kuwa mahali pa kumalizia maswali. Diwani anamkabili Mkurugenzi kwa ukali ndani, jambo linasawazishwa, na kesho yake Baraza linakaa mbele ya wananchi waliokuja kusikiliza, taarifa za kata zinapokelewa moja baada ya nyingine, na wananchi wanarudi makwao wakiamini kwamba diwani wao ni bubu. Hawakuona ukali wake. Kikao cha ndani kilikuwa cha kupanga nani aulize nini na kwa nguvu gani. Hakikuwekwa ili ukumbi wa wazi uwe kimya. Kamati ya Siasa ya Wilaya nayo hukagua miradi kwa msafara wa magari, hupiga picha mbele ya tangi la maji, na ni mara chache humwita mwenyekiti wa kijiji aseme tangi hilo lilitoa maji siku ngapi mwezi uliopita.

Msimamo wa makala haya, basi, ni kwamba maswali ya Bungeni na ya Baraza yagawanywe upya. Boma, kisima na gari la wagonjwa viulizwe katika Baraza la Madiwani, hadharani, na mbunge awe wa kwanza kuuliza huko kwa kuwa ndiye mwenye nakala ya bajeti zote mbili. Bungeni aulize yale ambayo Baraza haliwezi kuyajibu. Ruzuku ya halmashauri maskini na ya halmashauri tajiri inagawanywa kwa kigezo gani? Meneja wa maji wa wilaya atawajibika vipi mbele ya Baraza bila kuivuruga RUWASA? Fedha zilizoidhinishwa Juni zinafikaje Machi, tena pungufu? Mkurugenzi aliyetajwa katika ripoti ya ukaguzi anahamishwaje kabla hajajibu? Naibu Waziri hataweza kuyajibu hayo kwa kukubali kufuatana na mtu jimboni.

Katika mafunzo ya makada wa kata ninayofundisha, huwapa washiriki kurasa chache za Hansard na kuwataka wayaandike upya maswali kwa namna mbili, moja ya Baraza na moja ya Bunge. Zoezi huchukua asubuhi nzima. Ugumu wao mkubwa ni kulitupa neno "lini". Wakishalitupa, wengi hugundua kwamba hawajui bajeti ya halmashauri yao ni kiasi gani, na mchana hutumika kuitafuta. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Mipango ya vijiji huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo matawi yanayotaka boma lao liwe katika orodha yaanze kudai orodha hiyo mapema, wakati bado inaweza kubadilishwa.